Kumbukumbu za Sanaa ya Hadharani na Upangaji wa Viwanja vya Mji

Kamati nyingi zinapoandika taarifa ya tamasha, igizo au mchoro uliofanyika mahali pa wazi, huishia kwenye mambo matatu: tarehe, mgeni rasmi na fedha zilizotumika. Taarifa hiyo inamtosha mhasibu. Haimsaidii mtu atakayekuja miaka mitano baadaye kuamua benchi liwekwe wapi, mti upandwe wapi, au lango lifunguke upande gani.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini shughuli za sanaa za hadharani zinastahili kuandikiwa kumbukumbu, na jinsi kumbukumbu hizo zinavyoongoza ujenzi. Mifano tumeichukua katika mji mmoja, New York nchini Marekani, kwa sababu huko mazuri na mabaya yote yameandikwa.

Kutazama kabla ya kujenga

Katika miaka ya 1970, William H. Whyte aliongoza mradi wa kuchunguza viwanja vya mji huo. Yeye na wasaidizi wake walitega kamera zilizopiga picha kila baada ya muda mfupi, kisha wakahesabu nani amekaa wapi, kwa muda gani na akiwa na nani. Jibu kubwa walilopata ni jepesi: watu hukaa mahali penye pa kukaa. Viwanja vingi mbele ya majengo marefu vilikuwa vitupu kwa kukosa jambo hilo tu. Mwaka 1975 mji ulibadilisha kanuni zake, na wenye majengo wakatakiwa kuweka nafasi za kukaa katika viwanja vyao.

Whyte alitazama pia kazi za sanaa. Mwaka 1972 sanamu kubwa ya Jean Dubuffet, yenye umbo la miti minne, ilisimamishwa mbele ya jengo la benki. Ilionekana kwamba watu waliingia chini yake, wakaigusa na kuizungumzia. Mwanamuziki wa mtaani naye alifanya kazi hiyo hiyo: watu wasiojuana walisimama pamoja na kuanza kusemezana. Kwa hiyo sanaa ni zaidi ya pambo. Inaonyesha mahali ambapo watu wako tayari kukutana.

Sanamu iliyokata njia

Mwaka 1981 msanii Richard Serra aliweka ukuta wa chuma uitwao Tilted Arc katika uwanja wa ofisi za serikali. Ulikuwa na urefu wa mita 36 hivi na kimo cha zaidi ya mita 3.5, nao ulikatiza katikati ya uwanja. Wafanyakazi waliozoea kupita pale moja kwa moja walilazimika kuuzunguka, na wengi walilalamika.

Mwaka 1985 kilifanyika kikao cha hadhara. Watu 180 walizungumza: 122 walitaka ubaki, 58 walitaka uondolewe. Hata hivyo iliamuliwa uondolewe, na baada ya kesi ndefu ulikatwa na kubebwa mwaka 1989. Msanii aliona kazi yake imeuawa, kwa kuwa aliibuni kwa ajili ya mahali pale tu.

Hatuko hapa kuamua nani alikuwa na haki. Tunachoona ni kwamba watu waliulizwa sana wakati chuma kilikuwa kimesimama kwa miaka minne. Njia za watu zikichorwa kwenye karatasi mapema, ugomvi wa namna hii huwa mdogo na gharama yake pia.

Kujaribu, kupima, kisha kujenga

Mfano wa tatu ni Times Square. Mei 2009 mji ulifunga sehemu ya barabara ya Broadway kwa magari, kwa majaribio. Viti vya kukunja vya bei nafuu viliwekwa barabarani, na watu wakakaa. Wakati huo huo mji ulipima. Taarifa ya Januari 2010 ilionyesha kuwa majeruhi waendao kwa miguu walipungua kwa asilimia 35, na walio ndani ya magari kwa asilimia 63. Mwezi uliofuata Meya Michael Bloomberg alitangaza kuwa mpango huo utakuwa wa kudumu.

Kabla ya kujenga, lami ilipakwa rangi. Msanii Molly Dilworth alichora mawimbi ya buluu na nyeupe, akitumia takwimu za joto la mji zilizopigwa kwa setilaiti. Matamasha na maonyesho yaliendelea, na mahitaji yake yakafahamika: jukwaa linahitaji umeme, na jenereta huleta moshi, kelele na gharama. Wabunifu wa kampuni ya Snøhetta walipojenga uwanja wa kudumu, uliokamilika mwaka 2017, waliweka mabenchi makubwa ya mawe ambayo ndani yake mna nyaya za umeme na mawasiliano. Benchi moja linamkalisha mpita njia na kuhudumia jukwaa.

Matatizo nayo yalitokea. Kufikia mwaka 2015 malalamiko juu ya watu waliovaa kama vikaragosi na kudai fedha kwa wageni yalizidi, hata uongozi wa mji ukafikiria kuuondoa uwanja. Mwaka 2016 sheria iliwatengea watu hao maeneo yaliyopakwa rangi. Uwanja ulibaki.

Mambo ya kuandika

Kazi hii haihitaji mtaalamu wala kamera ya gharama. Vijana wawili wenye daftari wanaweza kuandika:

1. Idadi ya watu kila saa: wanawake, wanaume, watoto, wazee na wenye ulemavu.
2. Ramani ya mkono: waliingilia wapi, walikaa wapi, njia gani ilizibwa.
3. Jua, kivuli, mvua na upepo.
4. Umeme, maji na vyoo: vilitoka wapi, vilitosha?
5. Wafanyabiashara wadogo: walikuwa wapi kabla, na walihamia wapi.
6. Hali ya siku ya kawaida, kabla na baada ya shughuli, ili pawepo cha kulinganisha.
7. Malalamiko, kama yalivyosemwa.

Kipengele cha tano kisiachwe. Mchoro wa uwanja mpya unapofika mezani, asiyeandikwa popote huhesabiwa kuwa hakuwepo, na mara nyingi huyo ndiye mama anayeuza chakula pembeni.

Kwa kamati tunashauri kumbukumbu hizi zitunzwe pamoja na hati za kiwanja, zisikae nyumbani kwa katibu. Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja: katika bajeti ya kila shughuli ya hadharani, kiruhusiwe kifungu kidogo cha kutazama na kuandika. Daftari ni rahisi kuliko kuvunja ukuta uliojengwa pasipofaa.