DARASA LA KOMPYUTA KWA WAGENI WA KARIAKOO NI WAJIBU WA CHAMA



Kariakoo ni mahali pa wageni tangu mwanzo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Na mitaa yake, kama Nyamwezi, Sukuma na Kongo, yataja watu na nchi za mbali. Hata leo, atokaye Kigoma au Mbeya, na avukaye mpaka kutoka Burundi au Kongo, huja hapo kuanza biashara.

Mgeni huyo akijiunga na chama cha akiba na mikopo hukuta kwamba daftari limekwisha kuhamia katika kompyuta. Taarifa za vyama hupitia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU) wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Malipo ya Serikali huhitaji namba ya kumbukumbu. Fedha nazo hutumwa kwa simu, huduma iliyoenea nchini tangu mwaka 2008.

Hatari iko wapi?

Katika ukaguzi nilikutana na mama mmoja muuza vitenge, mhamiaji kutoka bara. Kila alipotaka kulipa marejesho, alimkabidhi kijana wa kibanda cha jirani simu yake pamoja na namba yake ya siri. Kwa miezi mitatu aliamini kwamba amelipa, kumbe chama hakikupokea kitu. Karani alikuwa na taarifa hiyo katika kompyuta muda wote, lakini mama hakujua kuidai wala kuisoma. Mwanachama asiyeweza kusoma hesabu yake mwenyewe ni mwanachama nusu. Na chama ambacho mtu mmoja tu ndiye aijuaye mashine kimekwisha kuwa mali ya mtu huyo.

Kwa nini hawajui?

Si kwa uvivu. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 uagizaji wa mashine hizo ulipigwa marufuku, na wengi waliosoma miaka iliyofuata hawakuziona shuleni. Aidha, maandishi ya mashine nyingi ni ya Kiingereza. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Bukavu au Bujumbura hupata taabu mara mbili, kwani hata kibodi aliyoizoea huanza na herufi A-Z-E-R-T-Y, nayo ya hapa huanza na Q-W-E-R-T-Y.

Darasa liendeshweje?

(a) Lifanyike baada ya soko kufungwa, karibu na soko. Mchuuzi hawezi kuacha meza yake mchana.

(b) Lugha iwe Kiswahili. Maneno yapo: kipanya, kibodi, faili, nywila. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

(c) Mwalimu asiguse kibodi ya mwanafunzi. Aeleze, mwanafunzi atende mwenyewe, hata kama jambo la dakika moja litachukua robo saa.

(d) Somo la kwanza liwe kufungua na kusoma hesabu ya akiba yake. La pili liwe kutunza namba ya siri, ambayo haambiwi mtu yeyote, hata karani wa chama. La tatu liwe malipo kwa namba ya kumbukumbu. Majedwali ya hesabu yafuate baadaye.

(e) Mgeni asiulizwe kwao ni wapi, wala asichekwe kwa lafudhi yake.

Gharama je?

Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walikuja kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa elimu ya wanachama. Nasi hapa nchini, mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu walijifunza kusoma chini ya miti na katika maghala. Kompyuta mbili zilizotumika, meza na taa vinatosha kuanzia. Hapana budi kamati ziweke fungu hilo katika makisio na kulipeleka mbele ya mkutano mkuu.

Mama yule sasa hulipa marejesho yake mwenyewe, na kila mwisho wa mwezi huja dirishani kudai taarifa yake na kuisoma hapo hapo mbele ya karani. Karani hulalamika kwamba anamchelewesha. Na amcheleweshe, ndivyo ushirika unavyolindwa.