Kuhamisha Faili Kutoka Simu Kwenda Kompyuta ya Nyumbani: Ruhusa, Amana na Stara

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), pamoja na aali zake na Swahaba zake wote.

Ndugu zetu wengi wanatuuliza: darsa nimezirekodi kwa simu, simu imejaa, na kompyuta ya nyumbani haiioni, nifanyeje? Hili si jambo la mafundi peke yao. Ndani ya simu zetu leo mna orodha za madeni, rasimu za wasia na sauti za masheikh waliokwishatangulia mbele ya haki. Aya ya 282 ya Suuratul-Baqarah imetuamrisha kuandika madeni. Na Hadiyth ya Ibn ‘Umar (Radhwiya Allaahu ‘anhumaa), iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, inamhimiza mwenye cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa. Basi deni lililoandikwa katika simu moja tu, inayoweza kuibiwa sokoni au kuanguka baharini, haki ya mdai iko hatarini.

Kwanza ifahamike kuwa mara nyingi hakuna kilichoharibika, bali ruhusa ndiyo haijatolewa. Suuratun-Nuur, Aya ya 27, inatufunza kutoingia nyumba za watu mpaka tupewe idhini. Simu nayo imetengenezwa isimfungulie kila abishaye hodi.

1. Kwa waya

Tazameni waya kwanza. Waya wa USB wa kawaida una nyuzi mbili za umeme na mbili za data. Baadhi ya waya za bei rahisi hazina hizo za data, kwa hiyo simu itachaji lakini kompyuta haitaiona. Jaribuni waya mwingine.

Kisha fungueni kioo cha simu, kwani simu iliyofungwa haionyeshi faili zake. Simu ya Android ikichomekwa huanza kwa kuchaji tu. Vuteni arifa kutoka juu ya kioo, gusa arifa ya USB, mchague kuhamisha faili. iPhone huuliza kama mnaiamini kompyuta hiyo; kubalini na muandike namba ya siri.

Wanaotafuta darsa za WhatsApp katika Android za karibuni wafungue folda ya “Android”, kisha “media”, kisha “com.whatsapp”. Humo ndimo zilimo sauti na picha.

2. Kwa Wi-Fi

Simu na kompyuta ziwe katika mtandao mmoja. Simu ikiwa inatumia bando, au imeunganishwa na Wi-Fi ya wageni, kwa kawaida hazitaonana. Katika Windows, angalieni mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa wa umma au wa binafsi. Ukiwa wa umma, kompyuta hujificha. Wa nyumbani uwekeni wa binafsi. Wa hotelini na mkahawani ubaki wa umma.

Ikiwa kompyuta inaonekana lakini inakataa neno la siri, huenda mmeandika ile PIN fupi ya kufungulia Windows. Folda ya mtandaoni haiikubali PIN hiyo. Inataka neno la siri la akaunti yenyewe.

3. Kwa Bluetooth

Njia hii inafaa kwa faili ndogo, kwani ni ya polepole. Baada ya kuviunganisha vifaa, chagueni kwanza kupokea faili katika kompyuta, ndipo mtume kutoka simuni.

Tahadhari: msivunje mlango

Wapo wanaochoka wakazima ulinzi wote, au wakaifungua folda kwa kila mtu bila ya neno la siri. Wengine huwasha SMB1, njia kongwe ya kushirikiana faili, kwa kuwa programu ya zamani ya simu imeitaka. Tunawanasihi wasifanye hivyo. Mwezi wa Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea kwa kupitia udhaifu wa njia hiyo, kikafunga faili za watu na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikawa miongoni mwa zilizoathirika. Badilisheni programu, msibadilishe ulinzi.

Pia kuna suala la stara. Picha za mke, mabinti na dada zetu walizopigwa wakiwa ndani bila ya hijabu zimo simuni. Folda ikiachwa wazi, mgeni yeyote aliyepewa Wi-Fi anaweza kuziona. Fungueni folda moja inayohitajika, si diski nzima, na mkimaliza ifungeni. Na anayehamisha faili za mwenziwe achukue alichoombwa tu. Kupekua zaidi ni katika upelelezi uliokatazwa katika Suuratul-Hujuraat, Aya ya 12.

Baada ya kuhamisha

Nakilini, msikate, kwani waya ukichomoka katikati faili inaweza kupotea. Linganisheni idadi na ukubwa, fungueni faili kadhaa mzisikilize, ndipo mfute za simuni. Na kabla ya kufuta, wekeni nakala ya pili katika fleshi au diski ya nje, kwani kompyuta nayo hufa. Ama wasia, uchapisheni kwenye karatasi, uwekewe mashahidi, na warithi wajue ulipo.

Na Allah Anajua zaidi.