UZI: Kaunti imekukataza kukata mti. Unakata rufaa wapi?

Mvua kubwa ikiangusha tawi juu ya paa la mtu, mabishano yanarudi hapa mtandaoni. Upande mmoja: "Ploti ni yangu, mti niliupanda mimi, kaunti inaingilia wapi?" Upande wa pili: "Mkiachiwa mtafyeka mpaka Menengai ibaki kipara." Kisha mwanasiasa fulani anaingia, anachagua upande wenye kura nyingi, na tunaendelea kutukanana. Wote wanaongea kana kwamba neno la afisa ndilo la mwisho. Si la mwisho, na hapo ndipo watu hupoteza haki yao kimyakimya.

Chukulia mfano huu, wa kubuni. Mama mmoja kule Bahati ana vyumba vitano vya kukodisha. Kando ya ukuta kuna mugumo mzee ambao umeanza kuinamia vyumba. Anaomba ruhusa ya kuukata. Pale kaunta anaambiwa, "Huo mti unahifadhiwa, haiwezekani." Kwa mdomo tu. Anampigia MCA, MCA anasema ataliangalia. Wiki tatu zinaisha, na mti bado umeinama.

Shida ya kwanza ya huyu mama hata si mti. Hana karatasi.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wa afisi ya umma ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Bunge likatunga Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 ili kutekeleza hilo. Kuna kipengele humo ambacho watu wengi hawakijui: ukiomba sababu na afisi isikupe, basi kesi ikifika mbele ya jaji, uamuzi ule unachukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu ya maana, mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Yaani kunyamaza kwao kunakuwa silaha yako. Lakini lazima uwe umeomba, kwa barua, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Sababu ukishazipata, ndiyo unajua mlango wa kubisha. Manake "unahifadhiwa" ina maana nyingi. Rais anaweza kutangaza mti au aina ya mti kuwa imelindwa, kupitia Gazeti Rasmi, chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Msandali, kwa mfano, ulipigwa marufuku kuvunwa tangu 2007. Kaunti nayo ina mamlaka ya kupanga miji na kutekeleza sera za misitu. Na wakati mwingine mti unakataliwa kwa sababu tu uko ndani ya ramani ya jengo unalotaka kujenga.

Hii ya jengo ndiyo yenye haraka kuliko zote. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inakupa siku 14 tu kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti, ile wanayoiita liezoni. Siku 14 tangu uamuzi ufanywe, si tangu siku ulipopata nafasi ya kwenda kuchukua barua. Kamati nayo inatakiwa iamue ndani ya siku 14 tangu upeleke rufaa. Ukishindwa, unaelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kama kinachokuzuia ni sheria ya misitu, mgogoro unaanzia ngazi ya chini kabisa ya ugatuzi, halafu Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET, ndipo mahakamani. Kama ni leseni ya NEMA, unaenda NET moja kwa moja, na hapo una siku 60.

Uingereza wenzetu wamerahisisha. Halmashauri ikikataa maombi ya kukata mti uliowekewa amri ya ulinzi, una siku 28 za kukata rufaa, na mlango ni mmoja. Halafu tawi likikuangukia baada ya wao kukataa, na ulikuwa umewaonya, unaweza kudai fidia. Sisi huku raia anatakiwa kwanza agundue ni sheria gani iliyomkatalia. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kuwauliza wagombea wetu, badala ya "wewe unapenda miti ama hupendi?"

Najua kuna mtu atajibu hapo chini, "Si aende kortini tu." Akienda moja kwa moja atafukuzwa. Sheria hiyo hiyo ya 2015 inasema korti haitasikiza ombi lako kabla hujamaliza njia za rufaa zilizopo, isipokuwa kuna hali ya kipekee na korti ikukubalie. Utalipa wakili, utangoje miezi, halafu jaji akwambie rudi kwenye kamati. Ukirudi kule, siku 14 ziliisha zamani.

Mwingine atataja ule mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi. Novemba 2020 ulikuwa ung'olewe kupisha barabara ya Expressway. Watu walipiga kelele mtandaoni, Rais wa wakati huo akatoa tamko, mti ukabaki. Nilifurahi kama wengine. Lakini angalia vizuri kilichouokoa: kelele na ukaribu na Ikulu. Hakuna kamati iliyosikiza pande mbili. Mti wa Njoro au Molo hauna hashtegi, na mama wa Bahati hana pia. Tukizoea kuamua miti kwa matamko, siku tamko likienda kinyume nawe utashika nini?

Halafu jirani. Kaunti ikimruhusu mtu akate na wewe unaona ni makosa, sheria ya 2019 inakuruhusu kukata rufaa kama mwenye maslahi, kwa siku zile zile 14. Hii si zawadi ndogo. Mwaka 1989 kesi ya kuzuia jumba refu ndani ya Uhuru Park ilitupwa nje kwa hoja kwamba mlalamishi hakuwa na haki ya kushtaki kwa niaba ya umma. Leo Kifungu cha 70 kinasema huhitaji kuonyesha kwamba wewe binafsi umepata hasara.

Turudi kwa mama yetu. Barua ya kuomba sababu aipeleke leo, si wiki ijayo. Apige picha za mti kutoka pande zote, aonyeshe na nyufa za ukuta kama zipo. Amwombe afisa wa misitu aukague na aandike ripoti. Aeleze hatari kwa maandishi, ataje wapangaji wanaolala pale chini. Na kwenye rufaa asiombe kukata tu: aombe pia, kama njia ya pili, ruhusa ya kupogoa matawi yanayoelemea vyumba. Kamati inayoogopa kuruhusu mugumo ukatwe inaweza kukubali hilo.