Korosho za Sudi, bastola ya Dar

Msimu wa korosho ukikaribia, wenye mashamba Sudi, mkoani Lindi, wanaoishi Dar es Salaam au ughaibuni huulizana jambo moja: nikishuka huko na fedha za vibarua, nikalala jirani na magunia yangu, si bora niwe na bastola kiunoni? Wana haki ya kuuliza. Korosho huibwa, na shamba ambalo mwenyewe hayupo linajulikana kijiji kizima. Lakini ukipiga hesabu vizuri, kwa wengi wao bastola ndiyo ulinzi wa bei ya juu unaolinda kidogo kuliko wote.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, ajue kutumia silaha na awe na sababu ya kueleweka. Maombi huanzia kwa watu wanaokujua pale unapoishi, yakapanda kata, wilaya na mkoa kupitia kamati za usalama kabla polisi hawajatoa leseni. Kwa hiyo mkazi wa Mbagala, Dar, mwenye ekari kumi Sudi atajadiliwa Mbagala, na kuzaliwa Sudi hakumpunguzii hatua hata moja.

Ada za serikali sizo zinazoumiza. Kuna bei ya silaha yenyewe, risasi, mafunzo, kasha la chuma la kuifungia, nauli na siku za kazi zinazopotea ukifuatilia faili. Kisha leseni inalipiwa kila mwaka, hata kama shambani unakaa miezi minne tu. Na hapa ndipo wengi wanapokwama: leseni ni ya mtu, haiazimishwi. Ukirudi Dar huwezi kumwachia mlinzi wako bastola. Wewe na yeye mtakuwa na kesi. Miezi minane silaha iko kwenye kasha, na mikorosho iko peke yake.

Anayetoka Marekani asidhani kibali cha huko kitamsaidia. Hata kwao hakivuki kila mpaka: majimbo 29 yanaruhusu mtu kubeba silaha bila kibali chochote, ilhali New York na Illinois hazitambui kibali cha jimbo lingine. Hapa kwetu hakina kazi kabisa. Wageni wanaoingia na bunduki kihalali ni hasa watalii wa uwindaji, ambao kampuni za uwindaji huwashughulikia vibali vya muda. Kuja kuvuna korosho si kuja kuwinda.

Sasa linganisha na mlinzi wa msimu. Huyu unamlipa kwa miezi unayomhitaji, analala shambani, anawajua wapita njia kwa majina na kwa mbwa wao. Mchukue kwa ushauri wa mwenyekiti wa kijiji, mwandikiane mkataba, umnunulie tochi nzuri, buti na filimbi. Kampuni ya ulinzi yenye silaha na leseni zake ni ghali zaidi, na kwa shamba dogo sioni sababu yake. Mwenye ghala kubwa afikirie.

Nafuu iliyo kubwa kuliko zote ni kutolaza korosho wala fedha nyumbani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mzigo unapelekwa chama cha ushirika cha msingi (AMCOS), unapimwa, wewe unapewa karatasi yenye kilo zako, kisha mzigo unauzwa mnadani na malipo yanaingia benki. Mwizi hana la kufanya na karatasi yenye jina lako. Anayezunguka vijijini na furushi la noti msimu wa korosho mara nyingi ni mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa wakulima nje ya mnada, na biashara hiyo ni haramu; bastola haitaihalalisha. Vibarua nao walipwe kwa simu, kila jioni kiasi cha kazi ya siku ile.

Ukiwa tayari na silaha yenye leseni na huna budi kusafiri, usiitie kwenye begi na kupanda basi la Lindi kimyakimya. Muone mkuu wa kituo cha polisi kabla ya safari, uulize kuisafirisha au kuihifadhi. Na ukichagua mlinzi wa msimu, mlipe sehemu kila mwezi, sehemu ya mwisho baada ya gunia la mwisho kupimwa ghalani.