Sayari Ni Nyingi, Uhai Unaojulikana Ni Mmoja

Kila nyota inayoonekana usiku ni jua la mbali, na nyingi kati ya hizo zina sayari zake, kama Jua letu lilivyo na Utaridi, Zuhura, Dunia na nyinginezo. Wazo hilo ni la zamani. Giordano Bruno wa Italia alilitetea katika karne ya 16, kabla ya kuchomwa moto mjini Roma mwaka 1600 kwa mashtaka ya uzushi wa dini. Ushahidi ndio uliochelewa kwa karibu miaka 400. Mwaka 1992 Aleksander Wolszczan na Dale Frail walitangaza sayari zinazozunguka mabaki ya nyota iliyokwisha kulipuka. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi, wakitumia darubini ya Haute-Provence nchini Ufaransa, wakagundua sayari inayoizunguka 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua. Kwa ugunduzi huo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Sayari yenyewe ilikuwa kioja. Uzito wake ni karibu nusu ya ule wa Mshtarii, lakini huizunguka nyota yake kwa siku 4 na ushei, ilhali Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua. Nadharia za wakati huo ziliweka sayari kubwa za gesi, kama Mshtarii, mbali na nyota zao, kwenye baridi. Ikabidi nadharia zirekebishwe.

Kuiona sayari ya nyota ya mbali moja kwa moja ni kazi ngumu, kwa kuwa mng'ao wa nyota huimeza. Kwa hiyo wanaastronomia huiangalia nyota badala ya sayari. Nyota huvuta sayari, na sayari nayo huivuta nyota, na kuifanya iyumbe kidogo. Mshtarii huliyumbisha Jua kwa mwendo wa mita 12 hivi kwa sekunde. Dunia huliyumbisha kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Njia iliyozaa matunda zaidi ni nyingine: kusubiri sayari ipite mbele ya nyota na kuufifisha mwanga wake. Mtu aliye mbali akitazama Dunia ikikatiza mbele ya Jua angeona mwanga ukipungua kwa sehemu moja katika 12,000, sawa na kuchomoa shilingi 1 kutoka shilingi 12,000. Upungufu mdogo kama huo ndio uliopimwa na darubini ya angani ya Kepler, iliyorushwa na Marekani mwaka 2009. Hadi ilipoishiwa mafuta mwaka 2018, takwimu zake zilikuwa zimeleta sayari zaidi ya 2,600. Njia hii ina kasoro yake: sayari nyingi hazipiti kati ya nyota yao na Dunia, hivyo hazihesabiki kabisa. Kwa sayari kama Dunia inayozunguka nyota kama Jua, ni takriban moja tu kati ya 200 itakayobahatika kukatiza mahali panapoonekana.

Idadi ya sayari zilizothibitishwa ilivuka 6,000 mwaka 2025, na nyingi kati ya hizo ziko katika kipande kidogo cha galaksi yetu. Wataalamu wakipigia hesabu zile zisizoonekana, hupata kwamba kwa wastani kila nyota ina angalau sayari moja. Galaksi yetu ina nyota kati ya bilioni 100 na 400. Cha ajabu ni kwamba aina inayoonekana kuwa ya kawaida kuliko zote, yaani sayari kubwa kuliko Dunia lakini ndogo kuliko Neptuni, haipo kabisa katika mfumo wa Jua. Huenda makwetu ndiko kusiko kwa kawaida.

Wingi wa sayari, hata hivyo, si wingi wa makazi. Hitaji la kwanza linalotajwa ni maji: sayari iwe katika umbali ambao maji hayagandi wala hayachemki yakaisha. Makadirio ya mwaka 2020 yaliyotokana na takwimu za Kepler yalisema galaksi yetu inaweza kuwa na sayari zisizopungua milioni 300 za miamba katika ukanda huo. Ila umbali peke yake hautoshi. Mfano mzuri ni TRAPPIST-1, nyota ndogo nyekundu iliyo miaka 40 hivi ya nuru kutoka hapa, yenye sayari saba zinazolingana na Dunia kwa ukubwa. Nyota za namna hiyo ndizo nyingi zaidi, lakini hutoa milipuko mara kwa mara na kurusha mionzi inayoweza kupeperusha hewa ya sayari zilizo jirani. Mwaka 2023 darubini ya angani ya James Webb ilipima joto la sayari mbili za ndani za TRAPPIST-1 na haikuona dalili ya hewa nzito.

Uhai wenyewe hutafutwa katika hewa hiyo. Nuru ya nyota ikipenya hewa ya sayari, kila gesi hufyonza rangi zake, na hivyo hutambulika. Mwaka 2023 Webb ilikuta methani na kaboni dioksidi kwenye sayari K2-18 b, iliyo miaka 124 ya nuru. Mwaka 2025 timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge ikadai kuona pia dimethili sulfidi, gesi ambayo duniani hutolewa hasa na viumbe wadogo wa baharini. Magazeti yalishangilia mapema mno. Wataalamu wengine walipochambua takwimu zilezile waliona dalili dhaifu, na gesi hiyo imewahi kupatikana hata kwenye nyotamkia ya barafu isiyo na uhai.

Tatizo kubwa ni kwamba mfano wa uhai ni mmoja. Duniani vijidudu vilikuwapo angalau miaka bilioni 3.5 iliyopita, mapema katika historia ya sayari hii, lakini wanyama walitokea katika miaka milioni 600 ya mwisho tu. Hakuna ajuaye kama mwanzo wa uhai ni jambo rahisi au ni bahati isiyojirudia, na mamilioni ya sayari hayajibu swali hilo.

Ndiyo maana macho yanarudi karibu. Tarehe 14 Oktoba 2024 Marekani ilirusha chombo cha Europa Clipper kuelekea Europa, mwezi wa Mshtarii unaoaminika kuficha bahari chini ya barafu. Kinatarajiwa kufika mwaka 2030. Kazi yake si kutafuta viumbe, bali kupima kama bahari hiyo inaweza kuwa makazi yao.