Viambishi Awali na Mtambo wa Kutafutia Habari: Mgeni katika Kwale

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo dogo kwa sura lakini zito kwa mwanaisimu, nalo ni jinsi mgeni aliyefika Kwale anavyojifunza kutafuta habari katika intaneti kwa Kiswahili. Nchi chache zina mtambo wao wenyewe wa kutafutia habari. Urusi ina Yandex, ulioanza mwaka 1997; Korea Kusini ina Naver, wa mwaka 1999. Kenya haina wake. Unaotawala huko ni Google, wa Kimarekani.

Waliounda Yandex walianzia katika sarufi ya lugha yao. Neno la Kirusi hubadilika zaidi mwishoni, na mtambo ule uliweza kulitafuta pamoja na maumbo yake mengine. Kiswahili hubadilika mbele pia, na hapo ndipo penye tatizo. Tuseme mgeni wetu yuko Msambweni, ataka habari za uvuvi. Akiandika "mvuvi", mtambo unaolinganisha herufi tu hautamletea "wavuvi", wala "waliovua", wala "huvuliwa". Akikata viambishi akabakiza "vua", ataletewa wanaovua nguo, na pengine mvua ya masika! Kadhalika huko Gazi, ambako mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013, "mkoko" na "mikoko" ni mti ule ule kwa mwenyeji, ila kwa mashine ya namna hiyo ni maneno mawili yasiyojuana. Hata jina la Gazi limeandikwa Gasi katika maandishi ya zamani. Mitambo ya leo imekwisha kupita hatua hiyo ya kulinganisha herufi. Hata hivyo, mgeni mwenye busara huandika umoja na wingi, kitenzi na nomino, kila kimoja peke yake.

Ugumu huzidi anapokutana na Chidigo. "Mtu" huwa "mutu", "watu" huwa "atu", na ki- huwa chi-. Neno alilolisikia kwa mzee wa Kinondo huenda asilione kabisa katika mtambo, naye atafanya vyema kufungua Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004.

Wakorea nao walikuwa na uhaba wa kurasa za lugha yao. Mwaka 2002 Naver ilifungua mahali pa mtu kuuliza na wengine kumjibu. Google ilijaribu jambo kama hilo kwa Afrika mwaka 2010, ikaliita Baraza. Huduma hiyo haipo tena. Baraza lenyewe lipo Diani hata leo, ingawa anayeuliza hapo hana budi kuamkia kwanza.

Wala si kwamba sarufi yetu haijaingizwa katika kompyuta. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda programu ya kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, viambishi awali na vyote vinavyofuata.