Taulo za kike: kodi ikitoka, bei hubaki kwa nani?

Kibera, jijini Nairobi, ipo shule ya wasichana isiyotoza ada tangu ilipofunguliwa mwaka 2009. Badala ya fedha, mzazi hufanya kazi shuleni hapo wiki tano kwa mwaka. Lakini ada si gharama pekee inayomtoa binti darasani. Ipo pakiti ya taulo za kike, au sodo kama wasemavyo Wakenya.

Kwenye mitaa ya namna hiyo, iwe Kibera, Manzese au Katwe, unga hununuliwa kwanza. Binti asiye na sodo hukaa nyumbani hadi siku zake ziishe. Akirudi, wenzake wameshavuka mada. Wapo wenye vibanda wanaofungua pakiti na kuuza moja moja, kama sukari ya kupima. Ukijumlisha, ni ghali kuliko pakiti nzima, ila ndiyo inayolingana na pesa ya siku.

Kenya iliondoa VAT kwenye bidhaa hiyo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwagawia bure wanafunzi wa kike. Rwanda iliiondoa mwishoni mwa 2019. Tanzania iliiondoa Julai 2018, kisha ikairudisha mwaka mmoja baadaye. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alieleza kuwa nafuu haikumfikia mlaji.

Wafanyabiashara walinyooshewa kidole, na wapo waliostahili. Lakini kusamehe VAT si sawa na kutoza asilimia sifuri. Bidhaa ikisamehewa, mwenye kiwanda hawezi kurudishiwa kodi aliyolipia malighafi na umeme, hivyo huiingiza kwenye bei. Punguzo la asilimia 18 nzima halikuwezekana tangu mwanzo.

Mvushaji wa Namanga au Rusumo naye ana hesabu zake. Cheti rahisi cha uasili humwondolea ushuru wa forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ikiwa bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha. VAT ya nchi anayoingia hakiigusi. Asiyesajiliwa hana pa kuidai. Ataipandisha kwenye katoni, mwenye duka ataipandisha kwenye pakiti, na mwenye kibanda kwenye ile moja moja.